Thredi zilizoliwa kwenye saspensheni ya gari la zamani

Bolti ya saspensheni inapokaribia kubana, kisha badala ya kuzidi kuwa nzito ikaanza kuwa nyepesi mkononi, fundi anajua papo hapo kwamba thredi, yaani meno ya ndani ya tundu yanayoishika bolti, zimeliwa, hata kabla hajaichomoa na kuona vipande vya meno vilivyong'ang'ania juu yake. Gari lenye umri wa miaka hamsini au sitini limefunguliwa na kufungwa na mikono mingi, na si kila mkono ulikuwa na subira wala spana inayofaa, kwa hiyo anayeshughulika na magari ya aina hiyo hana budi kukutana na tatizo hili. Nimelishughulikia mara nyingi kiasi cha kuwa na msimamo wangu, nao ni huu: tunachopaswa kurudisha si uwezo wa bolti kubaki ndani ya tundu, bali ni nguvu ya kubana iliyokusudiwa na aliyelibuni gari, na kila njia ya kurekebisha ipimwe kwa kigezo hicho.

Bolti inapokazwa huvutika kidogo sana, na mvuto huo ndio unaovibana vipande viwili vya chuma hata visiweze kuteleza kimoja juu ya kingine. Gurudumu linapopiga shimo, mzigo hupita katika msuguano kati ya vipande hivyo vilivyobanwa, wala haukusudiwi kuangukia mwili wa bolti kwa ubavu. Thredi zikiwa dhaifu, bolti haivutiki inavyotakiwa, vipande huanza kucheza kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, tundu hupanuka, na bolti hupindwa huku na huku mpaka uchovu wa chuma unapoikata. Ndiyo maana sikubali kauli ya kwamba bolti fulani "imeshika kiasi". Kwenye kifuniko cha vumbi hilo linaweza kuvumilika, lakini si kwenye sehemu inayoamua gurudumu litaelekea wapi.

Tena, sehemu kubwa ya nguvu tunayotia kwenye spana huishia kwenye msuguano, takribani nusu chini ya kichwa cha bolti na asilimia nyingine 40 hivi kwenye thredi zenyewe, na ni kiasi cha asilimia 10 tu kinachobaki kuivuta bolti. Kutokana na hali hiyo, thredi zenye kutu huila nguvu ya spana kabla bolti haijavutika, na kinyume chake, thredi zilizopakwa mafuta mengi wakati kitabu cha gari kimetaja kipimo cha thredi kavu huivuta bolti kupita kiasi, na pengine huyang'oa meno ya tundu hata kama spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukazia, imeonyesha namba sahihi. Kuna jambo jingine pia: mzigo haugawanyiki sawasawa kwa meno yote. Jino la kwanza lililo karibu na sehemu inayobanwa hubeba karibu theluthi moja ya mzigo wote, na yanayofuata hubeba kidogo zaidi na zaidi. Meno ya mwanzo yakishakatika, mzigo huyahamia yaliyofuata, nayo hukatika kwa zamu, na hiyo ndiyo sababu thredi hufa zote kwa mkupuo mmoja wa spana.

Kabla ya kugusa drili, ni lazima kujua thredi iliyokuwepo ni ya aina gani, na hapa magari ya zamani yanahitaji umakini kuliko mapya. Mfumo wa Whitworth uliopendekezwa nchini Uingereza mwaka 1841 una meno ya pembe ya nyuzi 55, na ndugu yake mwenye meno membamba, BSF (British Standard Fine), alitumika kwenye magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na ya muda mfupi baada yake. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia mfumo wa pamoja wa nyuzi 60, ndio uliotuletea UNF yenye meno membamba na UNC yenye meno mapana, na magari ya Kiingereza yakahamia huko polepole, kiasi kwamba gari moja la kipindi hicho cha mpito linaweza kuwa na mifumo miwili ndani yake. Bolti ya inchi 3/8 ya BSF ina meno 20 kwa kila inchi, ilhali ile ya UNF yenye unene uleule ina meno 24. Ukiisukuma moja kwenye tundu la nyingine itaingia mizunguko miwili, itakuwa nzito, na asiyejua atadhani ni kutu kisha aongeze nguvu. Vilevile bolti ya M10 ina unene wa milimita 10 na ile ya inchi 3/8 ina milimita 9.5, tofauti ambayo macho hayaioni kwenye kopo la bolti zilizochanganyika, lakini meno ya tundu huiona mara moja. Hata ndani ya mfumo wa milimita M10 pekee, kuna pichi, yaani umbali kati ya jino na jino, ya milimita 1.5 na ya 1.25, na gari la Kijapani mara nyingi litakuwa na hiyo ya pili mahali ambapo gari la Kijerumani lina ya kwanza.

Kwa hiyo kipimo cha pichi, yaani vile vibati vyenye meno ya msumeno vinavyokunjwa pamoja, ndicho chombo cha kwanza, na kalipa ni cha pili. Pima bolti iliyotoka, halafu pima pia tundu jirani ambalo bado ni zima, kwa sababu bolti iliyotoka inaweza kuwa ndiyo iliyosababisha uharibifu. Angalia na urefu wake. Kwenye chuma, bolti inapaswa kuingia ndani ya thredi kwa urefu usiopungua unene wake yenyewe, na kwenye alumini mara moja na nusu hadi mbili, na ni jambo la kawaida kukuta mtu aliwahi kuweka bolti fupi iliyoshika meno matatu au manne tu. Bolti ndefu kupita kiasi nayo ina madhara yake, kwani hugota chini ya tundu lisilotokea upande wa pili, spana ikasema imekaza, kumbe kichwa hakijabana kitu.

Zipo sehemu ambazo thredi yake haifai kutengenezwa kabisa. Boli jointi, tairodi endi, ncha ya ekseli inayopokea nati ya habu, na bolti au nati yoyote inayouzwa mpya: hizo zikiharibika meno hubadilishwa. Kupitisha dai, chombo cha kukatia meno ya bolti, juu ya meno yaliyopondeka kidogo ili kuyanyoosha ni sawa, lakini meno yaliyokatika hayarudi, na stadi ya boli jointi, yaani ile ncha yake yenye thredi, imetengenezwa kwa chuma kilichotiwa ugumu kwa joto ambacho hakistahili kuchomelewa wala kuchongwa upya. Hapa sina mjadala na mtu, hata akiniambia kwamba kipuri hicho ni adimu. Ukarabati unaoufaa moyo wangu ni ule wa tundu lililomo ndani ya kitu kikubwa kisichobadilishika kwa urahisi, kama vile mhimili wa mbele, chesisi, nyumba ya habu au mwili wa shokapu.

Gundi za kuunda thredi zinazouzwa kwenye mirija naziweka kando vilevile. Bolti hupakwa dawa ya kuzuia kushikana, hutiwa kwenye gundi laini, na gundi ikikauka inabaki na umbo la meno. Kwa skrubu ya plastiki ya dashibodi sawa, lakini nguvu yake ya kuhimili mvuto ni ndogo mno kwa saspensheni, na joto na mtikisiko huzidi kuipunguza. Utepe wa bati uliofungwa kwenye meno ya bolti ili ipate kushika, ambao nimeukuta zaidi ya mara moja kwenye magari ya watu, ni hatari iliyofichwa, kwa kuwa anayefuata kulikagua gari atagusa bolti, ataiona haitikisiki, na ataipita.

Nitaeleza kazi kamili kwa mfano wa MGB, gari la michezo la Kiingereza lililotengenezwa kuanzia 1962 hadi 1980, kwa sababu muundo wake unaonyesha wazi uzito wa jambo hili. Shokapu yake ya mbele ni ya mikono, na mikono hiyo ndiyo wishiboni ya juu, yaani mkono unaoshika sehemu ya juu ya gurudumu. Mwili wa shokapu, ambao ni wa alumini, umekaa juu ya mhimili wa mbele na kushikwa kwa bolti nne zinazopita ndani yake na kuingia kwenye thredi za mhimili. Zikilegea, gari halipotezi shokapu peke yake, linapoteza sehemu ya juu ya gurudumu, maana pembe ya tairi inabadilika kila unapokanyaga breki. Na thredi hizo za mhimili hujulikana kwa kuliwa, kwani zimefunguliwa kila mara shokapu ilipovuja.

Kwanza usalama, na sisemi hivi kwa desturi tu. Springi ya mbele imebanwa kati ya mhimili na mikono ya chini, na ukifungua shokapu bila kuizuia, itafunguka kwa nguvu inayoweza kuua. Gari likae juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya chesisi, na jeki ishike sahani ya springi kutoka chini, au bora zaidi springi itolewe kwa utaratibu wake mpaka nafasi iwe wazi kabisa. Drili inahitaji kusimama wima, na huwezi kuisimamisha wima ukiwa umejikunja chini ya tao la gurudumu huku vyuma vikikuzuia mkono.

Mhimili ukishakuwa mtupu, ninasafisha tundu kwa brashi ya waya na kipulizo, kisha ninaangalia kama kuna ufa unaotoka kwenye ukingo wake. Ufa ukiwepo, kazi ya thredi inasimama na suala linakuwa la mhimili wenyewe. Usipokuwepo, chaguo langu la kwanza ni koili ya waya, ile inayojulikana zaidi kwa jina la Helicoil. Ni waya wa chuma cha pua wenye umbo la almasi ukiukata, uliozungushwa kama springi, na upande wake wa nje unashika thredi mpya iliyokatwa kwenye tundu huku upande wa ndani ukiipa bolti thredi ileile ya awali. Kwa bolti ya inchi 3/8 UNF tundu linapanuliwa kwa drili ya karibu milimita 9.9, na baada ya kupitisha tepu maalumu ya koili, yaani chombo cha kukatia thredi ndani ya tundu, thredi ya nje itafikia kama milimita 10.9. Hilo linamaanisha kwamba tunaondoa chuma kidogo sana, na ni sifa kubwa pale ambapo kuta za tundu ni nyembamba. Kwenye alumini koili hufanya thredi kuwa na nguvu kuliko ilivyokuwa kiwandani, kwa kuwa mzigo unaegemea kwenye duara pana zaidi la alumini hiyo laini. Viwanda vingi huziweka tangu mwanzo kwa sababu hiyohiyo.

Sehemu ngumu ya kazi yote ni unyoofu. Tundu likiinama hata kidogo, kichwa cha bolti kitakaa kwa upande mmoja, na bolti itapindwa mara tu inapokazwa. Mimi hutumia kipande kinene cha chuma kilichotobolewa kwenye mashine ya kutobolea iliyosimama, nikakifunga juu ya mhimili kwa bolti za matundu mazima, kikawa ndicho kinachoiongoza drili na baadaye tepu. Kukitengeneza kunachukua muda kuliko kutoboa kwenyewe, na kila dakika yake inastahili. Wapo wanaoutumia mwili wa shokapu kama kiongozi, lakini drili ikigusa alumini hiyo inapanua tundu la shokapu, na hapo umehamisha tatizo kutoka kipande kimoja hadi kingine.

Tepu inataka mkono unaosikia. Mizunguko miwili ya kwanza hushika kwa shida na ndiyo inayoamua mwelekeo, kwa hiyo ninasimama, ninaweka kigonya, kipimo cha pembe mraba, pande mbili, na kama imeinama ninaitoa mapema. Baada ya hapo ninasonga nusu mzunguko mbele na robo nyuma, na kwenye ile robo ya kurudi unasikia mkatiko mdogo vidoleni, ndio kipande cha chuma kinachovunjika na kuachia. Kwenye chuma ninatumia mafuta ya kukatia, kwenye alumini mafuta ya taa hutosha, na chuma cha kusubu hukatwa kikavu kwa kuwa unga wake mweusi unajilainisha wenyewe. Tepu ikianza kujikunja kama springi, yaani mpini unasogea lakini ncha haisogei, ni lazima kusimama na kurudi nyuma. Tepu iliyovunjikia ndani ya tundu ni chuma kigumu kuliko drili ya kawaida, na kuitoa huko ni kazi ya mashine ya cheche za umeme, si ya drili na nyundo.

Tundu likishakatwa linaoshwa kwa kiyeyushi mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Koili ina ulimi mdogo kwa chini ambao kifaa cha kuingizia huushika, na kabla haijaingia ni pana kuliko tundu, hivyo inapozungushwa ndani hujibana yenyewe na kubaki hapo kwa mkunjuko wake. Ishuke chini ya uso wa chuma kwa robo hadi nusu ya pichi. Ikibaki juu, kipande kitakachobanwa kitaikalia na kuisukuma, na jino la kwanza, lile linalobeba mzigo mkubwa, litakuwa limeharibika kabla ya safari ya kwanza. Ulimi unavunjwa kwa pigo moja la kijiti cha chuma na kutolewa kwa sumaku au koleo nyembamba, na kama tundu halitokei upande wa pili hakikisha umeutoa kweli. Kwenye alumini ninapaka dawa ya kuzuia kutu kwenye meno ya nje, maana chuma cha pua na alumini vikikutana na maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Iwapo bolti hiyo hufunguliwa mara kwa mara, au kama tundu lilishaharibika hata drili ya koili haipati chuma kizima, kuna bushi ngumu yenye thredi ndani na nje. Ni imara na haiwezi kutoka pamoja na bolti, jambo ambalo koili hulifanya pale meno ya bolti yanapokuwa na kutu. Upungufu wake ni kwamba inahitaji tundu pana zaidi, na kwenye ukingo mwembamba unaweza kubaki na ganda badala ya ukuta. Kukata thredi ya bolti kubwa zaidi, kwa mfano kutoka 3/8 kwenda 7/16, ninaona ni njia ya mwisho, kwa sababu inalazimu kupanua pia tundu la kipande kinachobanwa, na atakayelipata gari baadaye atanunua vipuri kwa kufuata kitabu na kukuta haviingii.

Nati zilizochomelewa ndani ya chesisi ya boksi ni habari nyingine. Huko mara nyingi thredi si tatizo la kwanza. Nati imeachia bati lake kwa sababu ya kutu na inazunguka pamoja na bolti, na hakuna koili itakayosaidia. Suluhisho la haki ni kukata dirisha kwenye bati, kuchomelea nati mpya iliyo juu ya bamba nene, na kulifunga dirisha kwa mshono kamili. Bolti inapopenya boksi zima, bomba la chuma lichomelewe ndani yake kutoka ukuta hadi ukuta, kwani bila bomba hilo kukaza bolti kunaziponda kuta na nguvu ya kubana haipatikani kamwe. Ondoa tangi na mabomba ya petroli yaliyo karibu, tenganisha betri, na kama huna uzoefu wa kuchomelea bati la muundo wa gari, mpe anayeujua.

Wakati wa kufunga, bolti ziwe mpya na za daraja lilelile au la juu kidogo. Alama ya 8.8 kichwani inamaanisha chuma cha megapaskali 800 ambacho huanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hizo, yaani 640, na bolti isiyo na alama yoyote haina nafasi kwenye saspensheni. Zote huanzishwa kwa vidole mpaka chini, bila spana, na ile isiyokubali vidole inatolewa na kuangaliwa. Halafu hukazwa kwa hatua, kwa kupishana, hadi kipimo cha kitabu cha gari. Bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zisikazwe kabisa gari likiwa limening'inia: literemshwe kwanza likae kwa uzito wake, vinginevyo mpira utabaki umesokotwa na kuchanika mapema, na bolti uliyoihangaikia itafunguliwa tena.

Ninapiga mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho jirani, kisha gari linaendeshwa polepole kwa kilomita chache, breki zinajaribiwa, na mstari unaangaliwa. Baada ya safari ndefu ya kwanza spana ya toki inarudi kwenye bolti zilezile, isipokuwa zile zilizotiwa gundi ya kuzuia kulegea, ambazo ukizisogeza umeivunja gundi na ni lazima zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa upya. Kwenye daftari la gari ninaandika tundu gani lina koili, ya ukubwa gani na ya urefu gani, ili mwenye spana anayefuata asije akaingiza drili mahali ambapo tayari kuna waya.